Pia kubwa si pia ndogo iliyokuzwa

Mpwa wangu alivunjika kidole gumba cha mguu kwa sababu ya fundo moja la kamba, na fundo hilo nililifunga mimi. Naanzia hapo kwa sababu wengi wanaokuja karakana kuitazama pia yangu kubwa, ile ya kuchezea inayozungushwa kwa kamba, huuliza vipimo tu: upana gani, mbao gani, kamba mita ngapi. Vipimo nitavitoa. Lakini atakayechukua vipimo akaliacha fundo, atakuja kumuumiza mtoto wa mtu.

Mimi ni seremala, Ngamiani, Tanga. Milango, vitanda, makabati, huu mwaka wa 17. Pia niliicheza utotoni kama watoto wote wa mtaani: unakata tawi la mpera, unalichonga mfano wa karoti fupi, unakongomea msumari kwenye ncha, unaukata kichwa na kuusugua kwenye sementi mpaka ubutuke kidogo, unaviringisha uzi, unarusha. Januari 2025 watoto walikuwa wakichezea pia mbele ya karakana yangu, wamezichonga kwa vipande vya mbao ninavyotupa. Mmoja akaja mlangoni akaniuliza kama fundi anaweza kutengeneza pia kubwa kama ngoma. Nikasema naweza. Akauliza lini. Nikasema Idi. Idi el Fitri ilikuwa inaangukia mwisho wa Machi, nikaona miezi miwili na ushei ni mingi mno kwa kazi hiyo.

Kosa la kwanza nililifanya siku ileile, kabla sijashika msumeno. Niliazima pia ya yule mtoto, nikaipima kwa rula, nikazidisha kila kipimo mara 9. Upana wa sentimita 5 ukawa 45. Urefu wa sentimita 5.8 ukawa 52. Nikachora kwenye ubao, nikaridhika. Mchoro ulipendeza kwa sababu umbo lilikuwa lilelile la pia niliyoijua tangu utoto. Sikujiuliza hata mara moja kama kitu kinachosimama kikiwa kidogo kitasimama kikiwa kikubwa.

Nilinunua gogo la mwembe kwa shilingi 40,000 na kulipa guta 10,000 kulileta. Mwembe ni laini kuchonga ukiwa mbichi, haunuki vibaya, na vipande vipana vinapatikana kwa urahisi kwa sababu watu wanakata miembe iliyozeeka. Lilikuwa na upana wa karibu nusu mita. Nilichonga kwa tezo siku kumi, jioni baada ya kazi za wateja, na nikiri kwamba sijawahi kufurahia kazi kama zile siku kumi. Tezo likiingia kwenye mwembe mbichi linatoa vibanzi virefu vyenye unyevu, sakafu inakuwa kama imetandikwa. Watoto walikuja kila siku kupima kwa mikono yao kama imeshakuwa duara.

Siku ya kumi na tisa nilifungua mlango asubuhi nikakuta ufa. Ulianzia kwenye moyo wa gogo, pale katikati kabisa, ukaja mpaka ukingoni. Kufikia wiki iliyofuata kidole changu kilikuwa kinaingia mpaka kwenye kiungo cha pili. Nilijaribu kuujaza kwa gundi na unga wa mbao, ukafunguka tena pembeni ya pale nilipojaza.

Kuna mzee mmoja wa Sahare aliyekuwa akichonga ngalawa. Nilimfuata kwa sababu ngalawa za kwetu huchongwa kwa mwembe, gogo zima, na hazipasuki hivyo. Nilimpa shikamoo, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda.

“Moyo umeuacha humo ndani?”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi, mwanangu, ndio umekupasulia. Sisi tukichonga ngalawa tunautoa moyo. Ule uwazi wa kukalia ndio moyo ulipokuwa.”

Nimefanya kazi na mbao miaka yote hiyo na sikuwahi kulifikiria hilo, kwa sababu mimi hununua mbao zilizokwisha pasuliwa na kukaushwa. Mtu mwingine alishanitatulia tatizo la moyo kabla mbao hazijanifikia. Mti ukikauka unasinyaa, lakini hausinyai sawa kila upande. Kuzunguka, kufuata zile pete za miaka, unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Ukiwa na duara zima lenye moyo katikati, mzunguko unataka kufupika na ndani hakuna nafasi ya kuufuata. Lazima upasuke mahali. Halafu vichwa vya gogo hupoteza maji haraka kuliko mbavu zake, kwa hiyo ufa huanzia huko. Kama lazima utumie gogo, lipasue kati kwanza, utoe moyo, upake vichwa rangi au nta, uweke kivulini. Mafundi huhesabu kama mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene. Piga hesabu ya pande la sentimita 45 uone utalisubiri mpaka lini.

Gogo lile nililikata vigoda. Shilingi 50,000 na wiki tatu zilikuwa zimekwenda, na Ramadhani ilikuwa inakaribia.

Kwa pia ya pili nilinunua mbao za mtiki zilizokauka, vipande vinane vya futi nne, unene wa inchi mbili, kwa shilingi 12,000 kila kimoja. Mtiki kwetu haupatikani kwa shida. Muheza kuna shamba la serikali la Longuza, na mabaki mazuri hufika kwenye viwanda vya mbao vya Tanga. Hesabu yangu ilikuwa kugandisha matabaka: kila tabaka ni mbao tatu zilizoungana ubavu kwa ubavu, tabaka linalofuata maungio yake yanakwepana na ya chini, kama unavyopanga matofali. Nyuzi zote zielekee upande mmoja. Ukivuka nyuzi, tabaka hili likitanuka wakati wa masika linamvuta mwenzake, na gundi inafunguka.

Mtiki una mafuta ndani yake. Ndiyo maana mchwa haupendi na maji hayausumbui, na ndiyo maana gundi haiushiki vizuri. Tabaka la kwanza niliranda Ijumaa, nikagandisha Jumapili, na Jumanne nililitenganisha kwa mikono mitupu. Tangu hapo nilifanya hivi: naranda, nafuta kwa kitambaa chenye thina mpaka kitambaa kiache kutoka na rangi ya kahawia, nasubiri thina ikauke, napaka gundi saa ileile, nabana. Kitambaa chenye thina usikiweke karibu na jiko. Nilibana kila tabaka saa 24, si kwa sababu gundi ilihitaji hivyo bali kwa sababu nilikuwa nimeshachoka kurudia.

Kufikia katikati ya Machi nilikuwa na pande la mtiki, na ndipo nilipotoboa tundu la shafti. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo kazi ya mkono ilipo.

Shafti ni chuma cha milimita 20 kinachopita kutoka juu mpaka chini, ncha ikiwa kwenye mwisho wake. Keekee yangu haikuwa na urefu wa kupita pande zima, kwa hiyo nilitoboa kutoka juu, nikageuza, nikatoboa kutoka chini. Nilichora kitovu kila upande kwa bikari, nikapima mara tatu. Matundu yalipokutana ndani yalikuwa yamekosana kwa milimita 6 hivi. Nililipanua kwa tupa ya duara mpaka shafti ikapita, imeegemea kidogo upande mmoja, na nikaziba pengo kwa vipande vyembamba vya mtiki na gundi. Kisha nikaanza kuchonga kufuata duara nililolichora juu. Nilichonga jioni mbili nzima kabla sijagundua kwamba ninachonga kitu cha duara ambacho shafti haipo katikati yake.

Duara la penseli halina kazi tena shafti ikishaingia. Kitovu ni chuma. Mbao zote zinatakiwa zikifuate chuma, hata kama kimekaa upande. Nikatengeneza viguzo viwili vyenye mfereji wa V juu, nikavifunga kwenye meza, nikalaza shafti ndani yake, pande la mtiki likaning'inia katikati. Pembeni nikasimamisha kipande cha mbao chenye tundu, ndani ya tundu nikaingiza penseli, nikaisukuma mpaka ikakaribia mbao bila kugusa.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akizungusha. Ana miaka 16, mtoto wa dada yangu, alikuwa anakuja baada ya futari. Anazungusha polepole kwa viganja, mimi nasogeza penseli unywele mmoja. Mahali penye kilima penseli inaacha alama. Mahali penye bonde inapita hewani. Narandua kilima, chembe chache tu, anazungusha tena, penseli inaandika tena, safari hii mstari mrefu kidogo. Ukitaka kujua umefika wapi, tazama urefu wa mstari. Mwanzo ni vijidoti viwili. Kisha robo ya mzunguko. Kisha nusu. Siku mstari ulipozunguka wote ukakutana na mkia wake, mpwa wangu aliniambia, “Mjomba, imefunga,” na tulikaa kimya kuutazama. Ilikuwa saa sita na nusu usiku. Basi tukasogeza penseli sentimita mbili kwenda chini, tukaanza mstari mwingine. Pia nzima ilichukua mistari 20 na kitu. Hiyo ndiyo njia ninayoweza kumpa mtu yeyote asiye na mashine ya leti (ile inayozungusha kitu kikichongwa) inayobeba upana huo: viguzo viwili, penseli moja, randa kali, na mtu wa kuzungusha mwenye subira.

Juu ya mwili niliacha shingo ya kuviringishia kamba, kipenyo cha sentimita 12 na urefu wa 12. Shafti ikatokeza juu ya shingo. Juu yake nikavalisha kipande cha bomba kisichobana, kilichochomelewa mikono miwili, ili watu wawili washike pia isimame wakati wa tatu anavuta kamba. Kamba ikiisha wanalichomoa bomba kwenda juu, pia inabaki peke yake. Wazo hili ni zuri na bado ninalitumia. Pia ilikuwa na kilo 23 kwenye mizani ya muuza mkaa.

Kamba nilinunua ya nailoni, mita nne, kwa sababu nailoni haikatiki. Lakini nailoni ni laini, ilikuwa inateleza kwenye shingo. Nikapiga msumari mdogo kwenye shingo, nikafunga mwisho wa kamba hapo kwa fundo.

Ilikuwa Machi 30, mkesha wa Idi, jioni, uani kwa dada. Mpwa wangu na kijana wa jirani walishika bomba, mimi nikavuta. Mita ya kwanza ilikuwa nzito kama kuvuta mtumbwi mchangani. Ya pili ikaanza kukubali. Ya nne ilipokuja, pia ilikuwa inavuma, na nilisikia furaha kifuani ambayo siwezi kuieleza. Kisha kamba ikafika kwenye fundo.

Mtoto anaporusha pia uzi unaachia wenyewe. Wa kwangu haukuachia. Kilo 23 zilizokuwa zikizunguka ziliivuta kamba kwa upande wa pili, kamba ikanichana kiganja, na bomba likachomoka mikononi mwa vijana. Pia ililala ubavu ikiwa bado inazunguka, ikapata mshiko kwenye sementi, ikabingirika moja kwa moja kwenye miguu ya mpwa wangu. Alikuwa amevaa kandambili.

Hospitali walituambia mfupa wa kidole gumba umevunjika, wakamfunga. Nililipa shilingi 48,000. Dada yangu hakunifokea. Aliniuliza tu, “Kaka, ulijaribu kwanza peke yako kabla ya kumweka mtoto pale?” Sikuwa nimejaribu. Wala sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo swali hilo nalisikia kila ninaposhika kamba.

Idi watoto walikuja na nguo zao mpya. Niliwaambia ukweli kwamba pia imemuumiza mtu na sijui kosa liko wapi, siwezi kuizungusha. Walikwenda Tangamano kwenye bembea. Mimi nilifunika pia kwa gunia, na kwa karibu wiki nzima sikuligusa.

Aliyenirudisha kazini ni mwalimu wa fizikia niliyekuwa nikimtengenezea rafu za vitabu. Aliliona gunia akauliza. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya kuzidisha mara 9. Akachukua penseli yangu akaandika kwenye kipande cha plaiwudi.

“Fundi, ukikuza kitu mara mbili kila upande, uzito unapanda mara ngapi?”

Nikasema mara nne. Akatikisa kichwa. “Mara nane. Mbili mara mbili mara mbili. Na ugumu wa kuizungusha unapanda mara 32, kwa sababu siyo uzito tu uliozidi, uzito wenyewe umehamia mbali na kati. Wewe umekuza mara tisa. Mkono wa mtoto unaizungusha ile ndogo mara nyingi sana kwa sekunde. Hii yako mkono wa mtu mzima utaipa mizunguko michache tu.”

Kisha akaniambia kiini chenyewe. Pia husimama kwa kasi. Kadiri uzito ulivyo juu ya ncha, ndivyo inavyohitaji kasi kubwa zaidi ili isianguke. Pia ndogo ndefu haina shida kwa sababu kasi inayo tele. Kubwa haina kasi hiyo, kwa hiyo lazima uishushe: uzito uwe chini, karibu na ardhi, na uwe nje, ukingoni. Umbo la karoti ndilo lililokuwa likiiangusha. Hata bila fundo isingesimama muda mrefu.

Nilimshukuru na alipoondoka nikajifungia karakana. Kukata kitu ulichokichonga mistari 20 usiku wa Ramadhani si jambo dogo. Nilikata sehemu ya chini sentimita 13, nikarudisha pia kwenye viguzo, nikaichonga upya tumbo liwe pana na fupi, linashuka kwa mteremko wa upole kama sufuria. Mpwa wangu alikaa kwenye kigoda cha mwembe, mguu ameunyoosha, akizungusha kwa mikono. Nilimwambia si lazima. Alisema anataka kuuona mstari ukifunga. Pia ikabaki kilo 18.

Kusawazisha ni hatua ambayo mara ya kwanza niliiruka kwa sababu ya haraka ya Idi. Pia inaweza kuwa duara kamili na bado upande mmoja ukawa mzito, maana mbao hazina uzito sawa hata zikitoka mti mmoja. Chukua vyuma viwili vilivyonyooka, uvilaze sambamba, uvipime kwa pima maji mpaka kiputo kitulie katikati, kisha uweke shafti juu yake. Pia itajiviringisha yenyewe taratibu na kusimama, upande mzito chini. Weka alama ya chaki. Irudie mara kadhaa. Alama ikiwa inarudi chini kila mara, umeupata upande mzito. Mimi nilitoboa vitundu upande wa pili, karibu na ukingo, nikaingiza chubwi za wavuvi, zile risasi ndogo za kwenye mshipi, nikaziba kwa gundi. Chubwi tatu zilitosha. Ulipofika wakati ambao pia ilisimama popote nilipoiacha, nilijua imekuwa sawa.

Ncha ya kwanza nilikuwa nimeichonga kali kama mkuki, na ilikuwa inachimba sementi. Fundi wa leti aliniviringia nyingine ya chuma kigumu, mwisho wake mviringo kama ncha ya yai dogo. Chini yake nikatafuta kitu kigumu chenye bonde, ili pia isitembee. Nilipata diski kuukuu la jembe la trekta, lile lililojipinda kama bakuli. Lina tundu katikati, kwa hiyo fundi wa kuchomelea aliliziba na kulisawazisha kwa grainda mpaka ukucha ukipita hausikii kitu. Diski na kazi yake vilinigharimu 20,000. Shafti, ncha na kazi ya leti 35,000. Gundi 22,000, msasa na thina na mafuta ya linsidi 19,000, kamba zote mbili 10,000. Ukijumlisha mbao za mtiki 96,000 na lile gogo la mwembe, ni 252,000. Hospitali ikaifanya kuwa 300,000 kamili. Ningeanza na mtiki, nikaenda kwa mwalimu kabla ya kwenda kwa muuza magogo, nadhani 180,000 ingetosha.

Kamba ya pili ni ya katani. Tanga nzima imezungukwa na mkonge na mimi nilikwenda kununua nailoni. Katani ina manyoya, inashika mbao. Haihitaji msumari wala fundo: unaweka mwisho wa kamba kwenye shingo, mzunguko wa kwanza unaukandamiza, wa pili unaukandamiza wa kwanza, na kamba ikiisha inaachia bila kuomba ruhusa. Viringisha kutoka chini kwenda juu, mizunguko ikae bega kwa bega, isipandane hata mara moja. Ikipandana itakwama katikati ya kuvuta na utarudi kwenye tatizo lilelile la fundo. Mvutaji avae glavu. Walioshika bomba wavae viatu vya kufunika vidole, na wakishalichomoa warudi nyuma hatua tano bila kugeuka. Mwisho wa kamba usiuzungushie mkononi.

Nilijaribu peke yangu kwanza, saa kumi na moja alfajiri, bomba nikiwa nimelifunga kwenye fremu ya mbao badala ya watu, pia ikiwa ndani ya duara la matairi ya gari yaliyopangwa mawili mawili. Iliyumba, ikainuka, ikasimama. Nililia. Nilirudia mara sita siku hiyo kabla ya kumwita mtu yeyote.

Aprili 26, siku ya Muungano, watoto hawakuwa na shule. Kijana wa jirani na mimi tulishika bomba, jirani mwingine akavuta. Mpwa wangu alikuwa na simu, anarekodi. Nilikuwa nimechora mstari wa chaki ukingoni ili tuhesabu baadaye kwa video ya polepole. Ilikuwa mizunguko 8 kwa sekunde. Inasikika kama kidogo, lakini kwa upana huo ukingo unakwenda karibu kilomita 40 kwa saa, mwendo wa bodaboda. Ndiyo maana ya matairi. Sauti yake si ya pia ya mtoto. Ni mvumo mzito wa chini, unausikia kwenye nyayo kabla ya masikioni. Ilitulia kiasi kwamba mtoto mmoja aliuliza kama imeshasimama, mpaka alipoutazama mstari wa chaki akakuta haupo, umekuwa ukungu mweupe kuizunguka pia yote.

Ilikwenda dakika 6 na sekunde 20. Mwishoni ilianza kutikisa kichwa, kwanza kidogo, kisha kwa mduara mpana, na watoto wote waliokuwa wameegemea matairi walirudi nyuma hatua moja kabla sijawaambia. Ikagusa diski kwa ukingo, ikaruka, ikajipigiza kwenye tairi na kulala. Mpwa wangu akavuka matairi akichechemea kidogo, akaikagua ncha kwa kidole, akasema bado ina moto. Kisha akaanza kuiviringisha kamba, kutoka chini kwenda juu, mizunguko bega kwa bega.